Siku moja ya mazungumzo na waandishi kwa mtindo wa Jaipur, hapa Mbeya: ratiba, sauti, lugha, vitabu

msomaji_wa_Forest

Wakuu, heshima kwenu. Klabu yetu ya usomaji hapa Mbeya mjini inaandaa siku moja ya mazungumzo na waandishi, Jumamosi mojawapo ya mwezi wa tisa. Mada kuu ni fasihi ya Asia ya Kusini na jinsi inavyokutana na yetu. Tumekuwa tukifuatilia matamasha ya fasihi ya kule: Jaipur na Kozhikode (India), Dhaka (Bangladesh), Galle (Sri Lanka), Karachi na Lahore (Pakistan). Hatuhitaji siku tano wala majukwaa sita. Tunataka siku moja na jukwaa moja, na mtu aliyetoka Mbalizi au Tukuyu arudi nyumbani akiona nauli yake haikupotea.

Hali ilivyo: ukumbi wa watu 200, urefu wa mita 24 hivi, paa la bati lenye dari. Waandishi wanne watakuwepo ukumbini, na wa tano yuko India, atazungumza kwa njia ya mtandao. Wasikilizaji ni wanafunzi wa vyuo, kidato cha tano na cha sita, walimu na wasomaji wa kawaida. Wengi watafuata vizuri kwa Kiswahili, Kiingereza kidogo kidogo.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie: vikao viwe vingapi na virefu kiasi gani? Huyu wa India tumweke saa ngapi? Lugha tuifanyeje? Na meza ya vitabu inaendeshwaje bila hasara?

mratibu_nyanda

Mkuu, anza na saa, majina yatafuata. Ukitazama Jaipur kwa mbali unaona watu mashuhuri, lakini lile tamasha lilipoanza mwaka 2006 lilikuwa na wasikilizaji wapatao mia moja tu. Lililokuja kulikuza ni kwamba vikao ni vifupi, havifiki saa moja, na kingine kinafuata muda mfupi baadaye. Msikilizaji anajua akikaa nusu siku atapata mazungumzo matatu kamili.

Kwa siku yako, vikao vitano na kipindi kimoja cha ushairi vinatosha. Usifike saba. Ningepanga hivi:

3:00 – 3:25 asubuhi: muziki wa moja kwa moja, watu wakiingia
3:30 – 4:20: kikao cha kwanza
4:40 – 5:30: kikao cha pili
5:50 – 6:40: kikao cha tatu
6:40 – 8:00: chakula
8:00 – 8:50 mchana: kikao cha nne (wa India)
9:10 – 10:00: kikao cha tano
10:15 – 11:00 jioni: ushairi

Ukimaliza saa 11:00, wa Mbalizi na Uyole wanapata usafiri bila kubanana, na wa Tukuyu anafika kwao giza halijakolea. Muziki wa asubuhi una kazi yake pia. Jaipur huifungua siku kwa muziki, na anayechelewa robo saa anakuwa amekosa nyimbo mbili, si mwandishi.

Zile dakika 20 kati ya vikao usizikate. Watu 150 wakitoka kwa pamoja na vyoo ni vinne, dakika kumi hazitoshi. Tena ndani ya hizo hizo dakika mwandishi anasaini vitabu, fundi anabadilisha betri za maiki, na wanaofuata wanakaa wavishwe zao.

Ndani ya dakika 50: utangulizi dakika 1, mazungumzo 25, mwandishi kusoma kitabu chake 5, maswali ya wasikilizaji 17, kufunga 2. Usomaji huo wa dakika 5 uwe ukurasa mmoja na nusu, maneno 500 hivi, na mwandishi ajipime kwa saa akisoma kwa sauti nyumbani. Akichagua jukwaani papo hapo atasoma dakika 12, na zile saba anakuwa amezichukua kwenye maswali. Weka mtu safu ya mbele mwenye karatasi tatu zenye herufi kubwa: 10, 5, 0. Ikionyeshwa 0, mwongoza mazungumzo anafunga, hata awe anazungumza na nani.

Hapa kwetu kinachokula saa ni itifaki. Kutambulisha meza kuu dakika 20, risala dakika 15, mgeni rasmi bado yuko njiani. Kikao cha saa 3:30 kinaanza saa 5, na jioni kinachofutwa ni kile cha mwandishi kijana wa hapa hapa. Mgeni rasmi usimweke asubuhi kabisa. Barua yake iseme: "Utazungumza saa 6:40 mchana kwa dakika saba, kisha tutakula pamoja." Akichelewa, chakula kinaendelea na anazungumza saa 7:50. Ratiba haimsubiri mtu, na ukimweleza katibu wake mapema hakuna anayevunjiwa heshima. Meza kuu yenyewe iondoe. Jukwaani kuwe na viti vya kawaida, meza fupi ya maji, na wanaozungumza wakati huo, basi.

Jambo la pili, mkuu, ndilo kubwa kuliko yote: mwongoza mazungumzo. Mwandishi mzuri akikutana na mwongozaji asiyesoma kitabu, kikao kimekufa. Usimpe kazi hii MC wa sherehe. Kazi ya MC ni kuchangamsha watu, ya huyu ni kusikiliza. Mtafute mwalimu wa fasihi, mwandishi wa habari msomaji, au mwandishi mwingine. Mpe kitabu wiki sita kabla, akisome chote. Wiki moja kabla apige simu ya dakika 20 na mwandishi, wakubaliane sehemu ya kusomwa na mambo mawili ambayo mwandishi hapendi kuulizwa. Aandae maswali manane, akitegemea kutumia matano. Swali la kwanza liwe la ndani ya kitabu: mhusika fulani, uamuzi fulani, sura fulani. "Tueleze safari yako ya uandishi" linazaa hotuba ya dakika tisa, na mwandishi ameshaitoa mara nyingi kiasi kwamba hata yeye haisikii tena.

Jopo la watu watatu lina maradhi yake: kila mmoja anatoa mada yake, hakuna anayejibu mwenzake. Dawa ni kuwaza jozi. Muulize A swali, kisha muulize B anakubaliana na A wapi na anamkatalia wapi. Kwa siku yako ningeweka jopo moja tu. Vikao vingine vinne viwe mtu na mtu.

Tarehe: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi, maduka mengi hufungwa asubuhi, usiichague. Mwezi wa tisa umechagua vizuri, mvua bado. Ila angalia kalenda za vyuo, wanafunzi wengi huwa likizo kipindi hicho, kwa hiyo viti vyako usiwahesabie wao tu.

fundi_sauti_IR

Kamwene! Nitazungumzia sauti na mtandao, maana hapa ndipo siku nyingi nzuri zinapoharibika.

Maiki: waalikwa watatu na mwongozaji ni maiki nne jukwaani, na mbili za wasikilizaji. Sita. Za kushika mkononi zinatosha, hizi za kubana kwenye shati zinaokota kila mtikisiko. Waelekeze waandishi mambo mawili kabla hawajapanda: maiki ikae vidole vinne kutoka mdomoni, na mkono usifunike kile kichwa cha wavu. Ukikifunika unaziba matundu ya nyuma yanayoifanya ikatae sauti za pembeni, inaanza kuokota spika, na mluzi unaanza. Spika kubwa zikae mbele ya mstari wa maiki, hata kwa mita moja na nusu, zikitazama watu. Spika ikiwa nyuma ya mzungumzaji utapambana na mluzi siku nzima. Kwenye miksa, kila njia ya maiki bonyeza kitufe cha kukata besi, kile cha Hz 80 au 100. Sauti inakuwa safi zaidi kwenye ukumbi wa kuta ngumu.

Ukumbi wa mita 24 ukiweka spika mbele tu, wa mbele wanaumia masikio na wa nyuma hawasikii konsonanti. Weka jozi ndogo katikati, kwenye mita 12 hivi. Sauti ya hewani inachukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo spika za katikati zicheleweshwe milisekunde 35 hivi, la sivyo wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Miksa isiyo na ucheleweshaji? Shusha sauti ya zile za katikati mpaka uone zinasaidia tu, hazitangulii.

Betri za maiki zisizo na waya: weka mpya asubuhi, badilisha zote wakati wa chakula hata kama taa bado ya kijani.

Sasa huyu wa India. India na Sri Lanka wametutangulia saa mbili na nusu, Pakistan saa mbili, Bangladesh saa tatu, Nepal saa mbili na dakika 45. Saa 8:00 mchana ya Mbeya ni saa 10:30 jioni kwake. Muda mzuri, na nyinyi mnapata saa nzima ya chakula kufunga na kujaribu mitambo ukumbi ukiwa mtupu. Lakini kwenye barua pepe usimwandikie "saa 8" wala "8:00". Atawasha kompyuta huku kwetu ikiwa alfajiri, au asubuhi kabla hamjaanza. Mwandikie 14:00 saa za Tanzania, 16:30 saa za India, na umwombe arudishe jibu kwa kuandika saa zake mwenyewe.

Intaneti: picha ya kawaida nzuri inataka Mbps 3 kwenda na 3 kurudi, bila kushuka. Pima siku kama hiyo, saa kama hiyo, ukumbini hapo hapo. Ofisini kwako si ukumbini. Kama ukumbi una waya wa intaneti, chomeka waya, usitegemee Wi-Fi wanayotumia watu 150. Kama hauna, chukua laini za mitandao miwili tofauti kwenye vifaa viwili tofauti. Saa moja ya mazungumzo ya video inaweza kula GB 1 hadi 1.5, weka 5 kwa kila laini.

Kosa la kila mara ni mwangwi. Sauti ya mgeni inatoka kwenye kompyuta, inaingia miksa, inatoka spika, na kwa njia nyingine miksa inamrudishia mgeni sauti yake mwenyewe. Anajisikia baada ya nusu sekunde, anaanza kugugumia, anaacha kuzungumza. Tiba: kinachokwenda kwa mgeni kisitoke kwenye sauti kuu. Tumia njia ya AUX, ile njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye miksa. Pandisha AUX kwenye maiki zote za ukumbini, na kwenye ile njia ya kompyuta AUX iwe sifuri kabisa. Waya wa AUX uingie kwenye kompyuta kupitia kadi ndogo ya sauti ya USB, usitumie tundu la maiki la kompyuta, lina kelele. Na maiki ya ndani ya kompyuta izimwe.

Umeme: kompyuta na kile kifaa cha intaneti vina betri, miksa haina. Weka UPS (betri ya akiba) kwa miksa na vipokeo vya maiki tu. Projekta na amplifaya vinakula umeme mwingi, vitaimaliza UPS kwa dakika chache, viache visubiri jenereta. Jenereta ikae mita 30 kutoka ukumbini, upande ambao upepo unapeleka moshi na mlio mbali na madirisha.

Mwisho, mwombe mgeni awatumie wiki moja kabla video ya dakika kumi akisoma kitabu chake. Picha ikikatika, mnacheza video hiyo, kisha mnampigia simu ya sauti na kuendelea na maswali kupitia spika. Watu wanasamehe kukosa picha. Ukimya wa dakika 15 huku fundi ameinama kwenye waya hawausamehi.

mwl_fasihi_Njombe

Fundi umeeleza vizuri sana, ila sikubaliani na saa 8 mchana. Watu wameshiba, ukumbi una joto, na unawapa mtu wa kwenye skrini anayezungumza lugha ya pili. Watalala. Mimi ningemweka kikao cha kwanza, saa 3:30, ambapo India ni saa 6:00 mchana, na mitambo ijaribiwe tangu saa 1:30.

mratibu_nyanda

Mwalimu, hoja yako ina uzito kwa watu wazima walioshiba wali. Hofu yangu ya asubuhi ni moja: kikao cha kwanza kikikwama kwa mtandao, siku yote imeanza na doa na huna pa kusogezea. Mchana ukikwama unakibadilisha na cha tano. Usingizi unatibika: vikao vya skrini viwe dakika 35 badala ya 50, na anayemhoji awe mchangamfu kuliko wote mlio nao.

mwl_fasihi_Njombe

Hapo sawa. Dakika 35 nakubali. Basi turudi kwenye lugha, ambayo kwangu ndiyo roho ya siku hiyo.

Dada au kaka wa Forest, usidhani matamasha ya Asia ya Kusini ni ya Kiingereza kitupu. Lile la Kerala, linalofanyika ufukweni Kozhikode tangu 2016, sehemu kubwa yake ni Kimalayalam, na mji wenyewe ukatambuliwa na UNESCO kuwa Mji wa Fasihi mwaka 2023. Jaipur wana vikao vya Kihindi na Kirajasthani. Na tazama tuzo ya kimataifa ya Booker: mwaka 2022 Geetanjali Shree aliipata kwa riwaya ya Kihindi iliyofasiriwa na Daisy Rockwell, na mwaka 2025 Banu Mushtaq kwa hadithi fupi za Kikannada zilizofasiriwa na Deepa Bhasthi. Pauni 50,000 za tuzo hiyo mwandishi na mfasiri wanagawana sawa kwa sawa. Kwa hiyo Kiswahili kiwe lugha ya nyumba siku hiyo, Kiingereza kiwe mgeni anayekaribishwa.

Ukalimani. Kuna njia mbili, na watu wanazichanganya. Ukalimani sambamba unahitaji kibanda, visikilizio kwa kila mtu, na wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwa sababu akili ya mmoja haihimili zaidi ya hapo. Vifaa itabidi vitoke mbali, gharama si ya klabu. Ukalimani wa kupokezana hauhitaji kitu zaidi ya maiki moja na daftari, lakini unakula nusu ya muda. Kikao cha dakika 35 kinakuwa na maneno ya mwandishi ya dakika 17 au 18. Ukilijua hilo tangu mwanzo unaandaa maswali manne badala ya manane. Usipolijua, mtafika swali la pili na karatasi ya 0 iko juu.

Mkalimani akae kando ya mwongozaji, si nyuma. Mgeni aombwe kusimama kila baada ya sentensi mbili au tatu. Akizungumza dakika tatu mfululizo mkalimani atafupisha, atabakiza kichwa cha habari, na mifano yote, ambayo ndiyo utamu, itaanguka. Mgeni ampe mkalimani majina ya watu, miji na vyakula vilivyomo kitabuni siku tatu kabla.

Kile kipande kinachosomwa usikikalimani papo hapo. Fasihi haikalimaniwi kwa kukurupuka. Kifasirini wiki tatu kabla, kipitiwe na watu wawili, kisha maneno ya Kiswahili yaonekane kwenye skrini, mistari minne kwa wakati mmoja, huku mwandishi akisoma kwa lugha yake. Wasikilizaji wanasikia mapigo ya Kihindi au Kimalayalam na wanaelewa maana. Ruhusa ya kufasiri na kuonyesha kipande hicho iombwe kwa mwandishi au mchapishaji kwa maandishi, na mkisema ni cha siku moja na hakitachapwa, jibu huwa rahisi zaidi.

Na mfasiri mpandisheni jukwaani. Riwaya moja ya Abdulrazak Gurnah ipo kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota, 2022. Januari 2023 Gurnah alikuwa Dhaka na kisha Jaipur. Mtu wa Zanzibar, riwaya inayopita kwenye misafara ya bara na kwa wafanyabiashara wa asili ya India, anasikilizwa kwenye matamasha mawili ya Asia ya Kusini mwezi mmoja. Hicho kikao mnacho tayari: mwalimu na mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita wasome kipande kile kile, mmoja kwa Kiingereza, mmoja kwa Kiswahili, kisha wajadili yaliyobadilika. Mwongeze M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi, akakulia Dar es Salaam, na kushinda tuzo ya kwanza kabisa ya Giller ya Kanada mwaka 1994. Maduka ya zamani ya Wahindi ya Iringa na Mbeya watu wanayapita kila siku, wapeni kikao cha kuyatazama kwa jicho la riwaya.

msomaji_wa_Forest

Ndaga fijo, nimeandika yote. Mwalimu, mimi ni dada. Hicho kikao cha Peponi tunakichukua. Bado nina mawili. Maswali ya wasikilizaji: kila hafla hapa mtu anashika maiki anahutubia dakika sita. Na vitabu: tunaogopa kununua nakala zikatubakia.

mama_vitabu

Dada, vitabu usinunue. Chukua mali kauli. Unawaandikia wachapishaji na wauza vitabu wa Dar mwezi na nusu kabla: jina la siku, idadi ya wasikilizaji, vitabu gani, nakala ngapi, na lini utarudisha visivyouzwa. Vitabu viwe vya waandishi wanaozungumza siku hiyo, usijaze meza. Kwa watu 150, nakala 25 za kila mwandishi aliyepo ukumbini ni kiasi cha kuanzia, na 10 za yule wa mtandaoni, kwa sababu hasaini. Mpatane punguzo lako kwa maandishi, ukumbuke kifurushi cha basi kutoka Dar ni gharama yako kwenda na kurudi, na vitabu ni vizito. Visivyouzwa virudi kwenye boksi lile lile, kavu, kingo zisipondeke. Kilichopondeka umekinunua.

Vitabu vya India vina tahadhari moja. Matoleo mengi ya bei nafuu ya kule yameandikwa nyuma kwamba yanauzwa Bara Hindi tu. Haki ya kuuza huku anayo mchapishaji mwingine. Ukiagiza boksi zima kupitia mtu anayesafiri, unamweka mwandishi wako kwenye mgogoro na wachapishaji wake. Muulize mchapishaji wake ni toleo gani linaruhusiwa Tanzania. Jibu likichelewa, kitabu hicho kiwe cha kusomwa jukwaani tu.

Meza ya mauzo iwe kwenye njia ya kutokea, isizibe mlango. Meza ya kusaini mita nne mbele yake, ili aliyelipa asonge. Watu wawili kwenye mauzo: mmoja anatoa kitabu, mmoja anapokea pesa. Lipa namba ichapwe kubwa kwenye karatasi mbili, chenji ya noti ndogo iandaliwe Ijumaa, maana Jumamosi asubuhi huipati. Mtu wa tatu apite kwenye foleni na vikaratasi, kila mnunuzi aandike jina la atakayesainiwa, kikaratasi kikae ndani ya kitabu. Mwandishi kutoka nje hawezi kuandika Tumwitike au Sikujua kwa kusikia, na kitabu kilichosainiwa jina likikosewa hukiuzi tena.

Daftari la mauzo liwe na kichwa cha kila kitabu, zilizopokelewa, zilizouzwa, zilizobaki, na lifungwe siku hiyo hiyo kabla watu hawajakunja viti.

Kuhusu maswali: anayezungusha maiki asiiachie. Aishike yeye mwenyewe mbele ya mdomo wa muulizaji, na baada ya nusu dakika airudishe kidogo. Mwongozaji atangaze mwanzoni: swali ni sentensi moja, na jina si lazima. Wanafunzi wengi hawatasimama mbele ya walimu wao, hasa wasichana, kwa hiyo weka kikapu na vikaratasi tangu asubuhi. Mwongozaji achague vitatu vya kikapu kabla ya kuruhusu mkono wa kwanza. Msikusanye maswali matatu kwa pamoja. Mwandishi atajibu lililo rahisi na mawili yatapotea.

mratibu_nyanda

Nyongeza kwa mama. Walimu wa sekondari wapewe kurasa tano za kila kitabu wiki tatu kabla, kwa ruhusa ya mchapishaji. Wanafunzi waliosoma hata kurasa tano wanauliza kuhusu kitabu. Wasiosoma wanauliza jinsi ya kuwa maarufu.

Na vibali usiviache mwishoni. Anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, barua yenye ratiba na majina ya wazungumzaji wote, akiwemo wa mtandaoni, na atakwambia kama suala linakwenda BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Polisi wilaya wapewe taarifa ya maandishi. Mwenye ukumbi aone orodha hiyo hiyo. Januari 2012, Jaipur, mwandishi Salman Rushdie alishindwa kwenda kwa sababu za usalama, ikapangwa azungumze kwa video, na dakika za mwisho video nayo ikafutwa. Aliyetangaza jukwaani alikuwa mwenye eneo. Mambo kama hayo yajulikane wiki nne kabla, na daima kuwe na kikao cha akiba kilichoandaliwa kabisa.

malenga_wa_Rungwe

Mmepita haraka kwenye ile saa 10:15 ya ushairi, nami naona ndiyo itakayobaki vichwani. Asia ya Kusini wana mushaira, mkutano wa washairi wa Kiurdu. Pale wasikilizaji hawakai kimya. Mshairi anasoma mstari wa kwanza wa beti, watu wanaupokea, wengine wanaurudia, wakipenda wanapiga "wah wah" au wanamwomba aurudie, ndipo anaachia mstari wa pili ambao ndani yake kuna fumbo. Ghazali, shairi la beti za mistari miwili miwili, inasaidia hilo kwa umbo lake: beti ya kwanza mistari yote miwili inaishia kwa kina na kibwagizo kile kile, kisha kila mstari wa pili wa beti zinazofuata unarudi hapo hapo. Msikilizaji akishajua kibwagizo, anakitamka pamoja na mshairi. Beti ya mwisho mara nyingi inabeba jina la kishairi la mtunzi, kama malenga wetu wanavyojitaja mwishoni mwa shairi.

Watu wetu wenye vina na mizani watalielewa hili bila mkalimani. Washairi sita, dakika sita kila mmoja, wa Kiswahili wanne na wawili wanaosoma ghazali zilizofasiriwa. Dakika tisa zilizobaki ni za kuitikia. Aliye mdogo aanze, mkubwa afunge, ndivyo mushaira inavyopangwa. Mwongozaji afundishe kuitikia kwa beti moja ya mfano kabla ya mshairi wa kwanza, na kila mshairi aanze kwa kukitamka kibwagizo chake peke yake mara mbili. Shairi la mizani 16 la beti sita likiimbwa linapita dakika sita, kwa hiyo wanaoghani kwa sauti ya wimbo walete beti nne.

fundi_sauti_IR

Kwa kipindi hicho cha malenga, dada, ondoeni maiki za mkononi jukwaani. Wekeni stendi mbili za urefu tofauti, moja ya aliyesimama, moja ya aliyekaa, na zile mbili za wasikilizaji zibaki wazi kwa sauti ndogo, zikielekezwa katikati ya ukumbi. Mkirekodi bila hizo, itasikika kama mshairi alisoma chumba kitupu. Ruhusa ya kurekodi kila mshairi aisaini asubuhi wakati wa kujiandikisha.

msomaji_wa_Forest

Sawa kaka. Stendi tunazo mbili, fupi moja imelegea shingo, naipeleka kwa fundi Mwanjelwa kesho. Mama vitabu, nakutumia orodha ya vitabu faraghani jioni hii uitazame.